Jazi ya zamani kwa chapa mpya: Soma jalada kabla ya kutoa pesa

Msomaji mpendwa, muziki wa jazi una ajabu yake. Wengi wa waliouunda wameshazikwa na baadhi ya studio walimorekodia zimebomolewa, lakini kila mwaka kazi zao hutolewa upya, zikavishwa majalada yanayong'aa na kuuzwa kana kwamba zilirekodiwa juzi. Ndiyo maana swali moja hunifikia mara kwa mara, hasa kutoka kwa wanafunzi wa vyuo ambao mifuko yao si mizito. Je, chapa mpya ya rekodi ya zamani ni kitu halisi, au ni bandia? Na mtu akijaliwa kupata senti mbili tatu, atafute chapa ile ya kwanza hata kama imekwaruzika, au anunue hii mpya?

Wako wakusanyaji wenzangu ambao jibu lao liko tayari: cha kwanza ndicho, vingine vyote ni makapi. Mimi siafikiani nao hata kidogo. Chapa mpya si bandia, na chapa ya kwanza si msahafu. Kinachotenganisha toleo zuri na baya ni ukweli. Toleo zuri hukuambia nani walipiga, walipiga lini na wapi, na sauti unayosikia imetolewa kwenye mkanda upi. Toleo baya hukuuzia sauti na kukunyima habari. Maadamu pesa ni zako, una haki ya vyote viwili.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Hapa kwetu neno jazz limebebwa na bendi za kila aina: Shirati Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, na ng'ambo ya pili ya ziwa OK Jazz ya Franco. Hizo zilikuwa bendi za dansi, za rumba na benga, na jina hilo lilikuwa pambo la kisasa. Leo ninazungumzia jazi yenyewe, ile ya Wamarekani weusi. Lakini usidhani ni muziki wa mbali usiotuhusu. Utaona hivi punde kwamba wapigaji hao walipotafuta maneno ya kuieleza Afrika yao, wengi walichota kwenye Kiswahili chetu.

Nianze na albamu ambayo karibu kila anayeingia katika jazi hukutana nayo kwanza: Kind of Blue ya Miles Davis. Ilirekodiwa New York kwa siku mbili tu, Machi 2 na Aprili 22, 1959, ikatoka mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Pamoja na tarumbeta ya Davis walikuwapo John Coltrane na Cannonball Adderley kwenye saksafoni, Bill Evans kwenye piano, akipokewa na Wynton Kelly katika wimbo mmoja, Paul Chambers kwenye besi na Jimmy Cobb kwenye ngoma. Hakuna mkusanyaji asiyeitamani chapa ya kwanza ya santuri hiyo.

Sasa sikiliza kisa chake. Siku ile ya Machi mashine kuu ya kurekodia ilikuwa ikizunguka polepole kidogo kuliko ilivyotakiwa. Mkanda uliorekodiwa polepole ukichezwa kwa mwendo sahihi, muziki hukimbia na sauti hupanda. Basi nyimbo tatu za upande wa kwanza zikatoka zikiwa juu kidogo ya zilivyopigwa, na zikauzwa hivyo duniani kote kwa zaidi ya miaka 30. Hebu mfikirie kijana aliyeketi na saksafoni yake kando ya gramafoni akijaribu kujifunza kwa Coltrane. Akikaza, hapatani. Akilegeza, hapatani. Bila shaka wengi walijilaumu wenyewe au wakalaumu ala zao, kumbe mwenye kasoro ni mwalimu aliyekuwa ndani ya santuri.

Kasoro hiyo ilirekebishwa mwaka wa 1992, wakati kampuni ya Columbia ilipotumia mkanda wa akiba, uliorekodiwa siku ile ile kwa mashine ya pili iliyokuwa ikienda sawasawa. Zaidi ya hayo, katika chapa za mwanzo kabisa majina ya nyimbo mbili za upande wa pili, All Blues na Flamenco Sketches, yalikuwa yamebadilishana nafasi. Kwa hivyo, mpenzi msomaji, mtu anayetumia mshahara wa miezi kadhaa kununua chapa ya 1959 ananunua kumbukumbu nzuri, na simlaumu. Lakini mwanafunzi aliyenunua diski ya mtumba iliyotolewa baada ya 1992 ndiye anayemsikia Davis alivyopiga. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Jambo la pili ni majina. Hapa ndipo ninapokasirika. Mwaka 1958, Tanganyika ikiwa bado miaka mitatu mbali na uhuru wake, mpiga tarumbeta Wilbur Harden aliirekodia kampuni ya Savoy albamu iitwayo Tanganyika Strut. Coltrane alikuwa miongoni mwa waliompigia, pamoja na Curtis Fuller kwenye tromboni. Harden hakurekodi mengi maishani mwake, lakini Coltrane alikuja kuwa jabali. Kazi zile za 1958 zilipotolewa upya katika miaka ya 1970, majalada yalitanguliza jina la Coltrane, na albamu zenyewe zikapewa majina mengine kama Dial Africa na Gold Coast. Mwenye shughuli akageuzwa kuwa mgeni katika karamu yake mwenyewe.

Utaniambia kwamba hiyo ni biashara, na kwamba bila jina la Coltrane hakuna ambaye angezinunua. Huenda ni kweli. Lakini fikiria hasara yake. Mtoto wa Tanzania au Kenya anayetafuta jinsi nchi zetu zilivyokumbukwa na ndugu zetu wa Marekani hataliona neno Tanganyika kwenye jalada. Nalo jina la Harden litazidi kufifia hadi lipotee, ilhali ndiye aliyewakusanya wenzake na kuwaongoza studioni. Mimi nikiiona chapa inayolirudisha jina lake mahali pake, huinunua hata kama karatasi yake ni hafifu.

Tanganyika haikuwa peke yake. Mwaka 1958 pia ilitoka albamu iitwayo Kenya, kazi ya bendi kubwa ya Machito, mwanamuziki aliyekulia Cuba na kujijengea jina New York. Ndani yake anasikika Cannonball Adderley yule yule niliyemtaja hapo juu. Wakati huo Kenya yenyewe ingali chini ya sheria za hali ya hatari. Huku kwetu jina la nchi lilikuwa likitajwa pamoja na kafyu na vizuizini, kumbe kule ng'ambo liliandikwa kwenye jalada la muziki wa kuchezwa kwa fahari.

Lakini ikiwa utanunua moja tu kati ya hizi, basi nakuomba iwe Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston. Ilirekodiwa New York mwezi wa Novemba 1960, mwaka ambao mataifa 17 ya Afrika yalipata uhuru. Weston alikusanya bendi kubwa, na Melba Liston, mwanamke aliyekuwa bingwa wa tromboni, akampangia muziki. Maneno aliyaandika mshairi Langston Hughes. Kisha Weston akataka dua ya ufunguzi isikike katika lugha ya Kiafrika, na lugha iliyochaguliwa ikawa Kiswahili. Aliyeisoma ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Sehemu ya kwanza inaitwa Uhuru Kwanza, na ya mwisho Kucheza Blues. Mwalimu wa sarufi atauliza ule uunganishi wa "wa" umepotelea wapi katika jina Uhuru Afrika, lakini nadhani siku hiyo tungeweza kuwasamehe.

Ujumbe wake ulifika hata kwa wale wasiotaka kuusikia. Mwaka 1964 serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku albamu hiyo. Huwezi kuogopa santuri isiyokuwa na la kusema.

Sasa ichukue kazi hiyo uiweke kwenye simu kama ifanywavyo siku hizi, jina la Weston na picha ndogo ya jalada ukubwa wa stempu. Sauti ya Sanga itasikika, ndiyo, lakini msikilizaji atajuaje ni nani huyo anayenena kwa lugha yetu katikati ya New York? Atajuaje kwamba maneno ni ya Hughes, na kwamba mpangilio ni wa Liston? Ndiyo maana nilifurahi mwaka 2003, wakati kampuni ya Mosaic ilipoiweka albamu hiyo ndani ya seti ya diski tatu za Weston. Mosaic ilianzishwa katika miaka ya 1980 na Michael Cuscuna na Charlie Lourie, na kwa maoni yangu hakuna waliowatendea haki wapigaji wa jazi kuliko hao wawili. Katika matoleo yao utakuta tarehe ya kila rekodi, jina la kila mpigaji na ala yake. Cuscuna alifariki mwaka 2024, na Weston alimtangulia mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 92. Kazi waliyoiacha inatosha kuwa darasa.

Siwezi kuliacha suala la majina bila kuwataja Herbie Hancock na wenzake, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1970 walijipa majina ya Kiswahili. Hancock akawa Mwandishi, na albamu yake ya 1971 ikaitwa hivyo. Mpiga ngoma Billy Hart akawa Jabali. Buster Williams wa besi akawa Mchezaji. Eddie Henderson wa tarumbeta akaitwa Mganga, na hilo halikuwa utani, kwa sababu alikuwa daktari aliyehitimu. Mwaka 1994 albamu tatu alizorekodi Hancock kwa kampuni ya Warner zilitolewa pamoja kwenye diski mbili, na seti nzima ikapewa jina hilo la Mwandishi. Kwa mtu wa mfuko mwembamba, hiyo ni njia nzuri ya kupata tatu kwa mpigo.

Jambo la tatu ni viongezo. Kampuni zina tabia ya kutafuta vipande vilivyoachwa studioni, wimbo uliokatizwa, au ule ule uliopigwa mara tatu, na kuvichomeka katikati ya albamu. Jalada hudai kwamba umepata zaidi. Mimi naona ni kama mtu aliyekualika kwa pilau, kisha kila baada ya kijiko akakusimamisha akuonyeshe mchele aliouchambua. Wanaosomea muziki watanufaika na vipande hivyo, sikatai, lakini viwekwe pembeni.

Walioifanya kazi hiyo ipasavyo ni wale waliotoa upya A Love Supreme ya Coltrane mwaka 2002. Albamu hiyo ya sehemu nne alizirekodi Desemba 9, 1964, na yote ni kama dakika 33 tu. Waliiacha peke yake kwenye diski ya kwanza, nzima kama ilivyokuwa. Ya ziada, pamoja na onyesho alilolifanya Ufaransa mwaka 1965, wakayaweka kwenye diski ya pili. Anayetaka asikilize, asiyetaka alale.

Kuna jambo la nne ambalo wauzaji hawalitangazi sana, nalo ni kwamba mikanda ya asili inaweza kupotea. Juni 2008 moto uliteketeza ghala la mikanda ya kampuni ya Universal huko Hollywood, na umma haukufahamu ukubwa wa hasara hiyo hadi gazeti la New York Times lilipoichapisha habari hiyo mwaka 2019. Mkanda ukishaungua, hakuna fundi awezaye kuurudisha. Linalobaki ni nakala, popote ilipo.

Na nakala, msomaji, mara nyingi huwa nyumbani kwa mtu. Machi 6, 1963 Coltrane na wenzake waliingia studioni wakarekodi albamu nzima. Mkanda wa kampuni haukuhifadhiwa. Lakini nakala aliyoondoka nayo Coltrane siku ile ilibaki kwa familia ya mkewe wa kwanza, Naima, na mwaka 2018 dunia ikaisikia kwa mara ya kwanza kwa jina la Both Directions at Once. Vivyo hivyo onyesho la Thelonious Monk na Coltrane katika ukumbi wa Carnegie Hall, Novemba 29, 1957, lilirekodiwa na redio ya Sauti ya Amerika, likakaa kimya kwenye maktaba ya bunge la Marekani mpaka mwaka 2005 alipoligundua mtunzaji mmoja, Larry Appelbaum. Ingekuwaje kama mtu katika ile nyumba, au katika ile maktaba, angeamua siku moja kufagia takataka?

Hapo ndipo ninapowageukia akina baba na mama mnaosoma ukurasa huu. Katika nyumba nyingi za Nairobi, Kisumu na Mombasa, na zaidi kule mashambani, kuna sanduku la santuri za babu chini ya kitanda au juu ya kabati. Huenda zimo za jazi alizonunua enzi zake, na bila shaka zimo zile ndogo za bendi zetu. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyo uitwao Kenya Special, wa nyimbo zilizorekodiwa kwetu katika miaka ya 1970 na 1980, ikafuatisha wa pili mwaka 2016. Nawapongeza kwa dhati, maana wameokoa kingi. Hata hivyo inauma kidogo kuuagiza muziki wa nyumbani kwa pauni, huku santuri yenyewe imegeuzwa kuwa kifuniko cha mtungi.

Basi kabla hujaliuza sanduku hilo kwa bei ya kutupa, litoe nje ya kabati. Santuri zisimamishe wima kama vitabu, usizilundike moja juu ya nyingine wala kuziacha karibu na dirisha lenye jua, kwa kuwa zitapinda. Zishike kwa ukingo. Andika majina ya bendi, ya wapigaji na ya kampuni, na kama mzee angali hai, muulize alizinunua wapi na lini, uyaandike majibu yake. Habari hizo ndizo kila mtayarishaji wa toleo jipya huzitafuta kwa tochi.

Kuna wanaoniuliza pia kuhusu zile santuri mpya nzito, za gramu 180, ziuzwazo ghali kwa madai kwamba sauti yake haina mfano. Uzito wa santuri haukuambii lolote kuhusu mkanda iliyotolewa. Mwaka 2022 ilifichuka kwamba kampuni ya Marekani ya Mobile Fidelity, iliyopendwa na wakusanyaji kwa santuri zake za bei ya juu, ilikuwa kwa miaka kadhaa ikiipitisha sauti katika hatua ya dijitali, ilhali wateja waliamini kwamba yote yalitoka moja kwa moja kwenye mkanda. Kesi zikafuata, na kampuni ikakubali kulipa. Mafunzo ni mawili. La kwanza, wengi walioapa kwamba masikio yao hutambua dijitali hata usingizini walikuwa wakizisifu santuri hizo hizo. La pili, sauti yenyewe haikuwa mbaya hata kidogo. Kilichowachoma watu ni kutoambiwa.

Kwa hivyo, mwanafunzi mpendwa, ukisimama mbele ya kibanda cha santuri na noti zako chache, usianze na bei wala na picha ya jalada. Ligeuze. Je, wapigaji wametajwa wote? Je, tarehe na mahali pa kurekodia zimeandikwa? Je, wamesema sauti imetoka kwenye mkanda upi? Jalada likijibu matatu hayo, nunua bila hofu, iwe ni santuri, diski au hata kaseti. Lisipojibu hata moja, rudisha pesa mfukoni uende zako. Na ukisikiliza kwenye simu, tafuta habari hizo mahali pengine uziandike kwenye daftari kabla wimbo haujakwisha.

Najua wapo watakaosema kwamba muziki ni wa kusikilizwa tu, na majina ni ya wenye maktaba. Lakini mcheza kwao hutunzwa, na huwezi kumtunza mtu usiyemjua jina. Jumapili hii, chakula kikiisha, teremsha santuri moja tu. Kabla ya kuweka sindano, mpe mtoto asome nyuma ya jalada kwa sauti, majina yote, hata yale magumu. Kisha ndipo mucheze.